Lenzi za Chini ya Maji

Mtaani walimwita Daktari wa Macho, naye hakuchoka kuwasahihisha. Daktari yuko hospitali, alikuwa akiwaambia, mimi ni fundi miwani. Duka lake lilikuwa chumba chembamba kati ya kinyozi na mpiga chapa, upana wake mtu kunyoosha mikono miwili tu, na kila kitu kilikuwa na mahali pake. Fremu zilipangwa ukutani kwa ukubwa. Skrubu zilikaa kwenye visanduku vidogo, skrubu ambazo mtu mwingine angezipuliza akidhani ni vumbi. Nyuma ya pazia ilikuwapo mashine ya kusagia lenzi, iliyolia kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na tisa, mvi kichwa kizima, na miwani mizito ya namba saba kwa macho yote mawili. Bila hiyo, alisema, hawezi kumtofautisha mkewe na kabati la nguo. Mkewe, mwalimu wa chekechea aliyestaafu, alimjibu kwamba siku moja ajaribu kuliomba kabati limpe chai.

Kilichompa jina si maneno bali mkono wake. Hakuwa mtu wa kusema "inatosha". Mshonaji mmoja aliwahi kuchukua miwani yake mpya asubuhi, akaondoka ameridhika kabisa, na jioni akamkuta fundi amesimama mlangoni kwake, anaomba radhi, anaitaka ile miwani airudishe dukani. Lenzi ya kushoto, alisema, imekaa kombo kiasi cha unywele. Mshonaji alikuwa hajaona kasoro yoyote. Fundi alikuwa ameiona kichwani, njiani akirudi nyumbani, na hakuweza kula mpaka ainyooshe.

Tena alikuwa na jicho la kusoma macho ya wenzake. Mteja akiingia tu, kabla hajafungua mdomo, fundi alikuwa ameshakisia namba yake: huyu anakunja paji la uso, yule anainamisha kidevu, mwingine anapapasa kizingiti kwa ncha ya kiatu. Kwenye ubao wa herufi alikuta amekosea nusu tu, au hakukosea kabisa.

Mwaka alipotimiza miaka thelathini ya ndoa, binti yake na mumewe waliwaletea wazee zawadi: safari ya nusu siku kwa boti, kwenda kuogelea na kutazama samaki kwenye miamba ya matumbawe. Fundi alikuwa ameishi maisha yake yote mwendo wa dakika ishirini kutoka baharini, na hakuwahi kuingia majini kupita magoti. Aliuliza kama zawadi hiyo inaweza kubadilishwa. Binti akasema haiwezi, na mkewe akasema hata ingeweza asingekubali.

Basi Jumamosi moja asubuhi wakapanda, wao wanne pamoja na abiria wengine tisa, kwenye boti nyeupe yenye turubai la kivuli na mabenchi mawili marefu. Nahodha alikuwa mtu mnene, mkimya, mwenye kofia iliyopauka. Aliyesema alikuwa mwongozaji, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana, ambaye wenzake walimwita Kasa kwa kuwa nchi kavu alikwenda polepole kama anayehesabu hatua, lakini akiingia majini humkamati.

Kasa aliwaeleza mwamba kama mtu anayeelekeza wageni nyumbani kwake. Chini ya ngazi, alisema, mtaona jiwe la mviringo lenye mikunjo kama ubongo. Hapo wanakaa samaki wawili, vitatange, mume na mke, hawaachani. Zungukeni kulia, kuna jiwe bapa kama meza, na chini ya meza anaishi mkunga, samaki mrefu kama nyoka, msimtie kidole. Mbele kidogo samaki pono wanaguguna matumbawe, mkinyamaza mtasikia meno yao. Akaonyesha namna ya kuvaa miwani ya kuzamia, namna ya kuuma bomba la kupumulia, na akamfunga kila mtu jaketi la kuelea kwa mikono yake mwenyewe.

Hapo ndipo fundi alipotambua jambo ambalo, kwa kazi yake, alipaswa kulitambua wiki nzima kabla. Miwani ya kuzamia haivaliwi juu ya miwani. Aliitazama ile ya mpira mkononi, akaivua ya kwake, akampa mkewe aitie mkobani.

Kuingia majini kulimtisha kwa muda mfupi tu. Alimeza maji mara moja, akakohoa, kisha pumzi ikapata njia ndani ya bomba na mwili ukakubali kuelea. Mkewe, asiyejua kuogelea kama yeye, alimshika mkono. Wakainamisha nyuso zao pamoja. Na fundi akaona ukungu. Ulikuwa ukungu mzuri, hilo hakulikana baadaye: buluu, kijani, madoa ya njano yanayosogea, kana kwamba mtu amemwaga rangi kwenye kioo na kuifuta kwa kitambaa kibovu. Alinyoosha mkono, akaviona vidole vyake hadi alipokikunjua kiwiko, kisha navyo vikayeyuka. Kila baada ya muda mkewe alimbana mkono na kuonyesha kitu. Kila mara fundi alitikisa kichwa kukubali.

Waliporudi kwenye boti watu walisema wote kwa pamoja. Mkwewe alikuwa amewaona vitatange. Binti alikuwa amemwona mkunga akichungulia, na bado alikuwa amejishika shingo. Mkwe akageuka kwa heshima kumuuliza mzee ameonaje, na fundi akajibu kwamba maji ni mazuri sana, si ya baridi.

Mkewe alimtazama. Alingoja mpaka vijana wameinukia upande wa pili, akamrudishia miwani yake na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Umeona nini kule?"

"Rangi."

"Rangi za nani?"

"Sikuwafahamu."

Mama wa watu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga ya kujikaushia. Kisha kicheko kikakatika, akamshika mkono tena kama walivyokuwa majini, na njia nzima ya kurudi akamweleza alichokiona, samaki mmoja mmoja, kwa utaratibu wa mtu aliyewafundisha watoto wa miaka minne kwa robo karne: rangi yake, ukubwa wake, anavyokwenda, anafanana na nani mtaani.

Fundi alisikiliza, lakini macho yake, sasa yakiwa na vioo vyake, yalikuwa kwa Kasa. Abiria mmoja alikuwa ameonyesha kitu cheusi kinachoelea mbali, akauliza kama ni kichwa cha kasa. Mwongozaji aligeuka upande ule, akafinya macho kidogo sana, akatabasamu na kumuuliza nahodha yeye anasemaje. Nahodha akasema ni gogo. Mwongozaji akarudia kwa abiria kwamba ni gogo. Baadaye alipowaita watu kwa orodha ya majina, aliileta karatasi karibu na pua, kama anayekwepa mwanga wa jua. Na fundi akakumbuka kwamba kule majini hakuwahesabu watu kwa kuwatazama kutoka ngazini. Alimwogelea kila mmoja, akamgusa bega, ndipo akaenda kwa mwingine. Kila mtu alikuwa ameisifu huruma hiyo.

Namba tano, fundi alijisemea. Au tano na nusu.

Hakumwambia mtu. Lakini jioni ile alikaa mezani akichora lenzi kwa ncha ya kijiko, na mkewe, aliyemjua, alitenga ndoo moja ya zamani ya majaribio pale uani kabla hata hajaombwa.

Kazi ilichukua wiki sita. Fundi alinunua miwani mitatu ya kuzamia ili awe na ya kuharibu. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi: kusaga lenzi zenye uso bapa upande wa mbele na kuzigandisha kwa ndani, kwenye kioo cha miwani ya kuzamia. Utekelezaji ndio ulimtoa jasho. Gundi ya kwanza ilikaa vizuri siku mbili kwenye ndoo ya maji ya chumvi, siku ya tatu ikageuka nyeupe kama maziwa. Ya pili ilishika, lakini ilifungia kiputo cha hewa katikati kabisa ya jicho la kulia. Alibandua, akasafisha, akaanza upya. Gundi ya tatu, ile ya kukausha juani, ilitulia wazi kama vile haipo.

Ndipo akagundua kwamba haoni sawasawa bado. Alikuwa ametumia namba saba yake ya kila siku, na vitu vilikuja karibu na kuwa wazi, lakini kingo zake hazikukolea. Alikaa na jambo hilo siku nzima, akikosea hata kurudisha chenji. Halafu akaiweka miwani yake ya kawaida puani, akaisogeza mbele kidogo kuelekea ncha ya pua, na dunia ikafifia. Akacheka peke yake. Ndani ya miwani ya kuzamia lenzi hukaa mbali na jicho kuliko puani, na kwa macho kama yake kila umbali ukiongezeka nguvu ya lenzi hupungua. Alikuwa amewaeleza wateja jambo hilo miaka thelathini, wale wanaoivaa miwani kwenye ncha ya pua kama makarani. Akasaga nyingine, saba na robo tatu.

Kwa majaribio alikuwa amepata pipa la plastiki, akalijaza maji, na sakafuni mwake akaweka ukurasa wa kalenda uliofungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kinyozi wa jirani aliingia uani siku hiyo kuazima bisibisi. Akamkuta Daktari wa Macho amepiga magoti, kichwa chote ndani ya pipa, bomba limesimama nje, mikono imeshika kingo, hatikisiki. Kinyozi alimvuta kola kwa mikono yote miwili mpaka wakaanguka pamoja. Fundi alitema bomba, maji yakimchuruzika, akamwambia kwa utulivu kwamba tarehe kumi na saba ni Jumanne.

Ilikuwa kweli. Alikuwa amesoma hata herufi ndogo za jina la mpiga chapa.

Jumatano iliyofuata, kabla ya safari za asubuhi, fundi alikwenda gatini peke yake. Kwenye mfuko alikuwa na miwani yake ya kuzamia, na chini yake sanduku la lenzi za kupimia pamoja na fremu ya chuma inayobadilishwa vioo. Kasa alikuwa akisuuza mabomba kwenye beseni, amekaa juu ya kreti. Alimkumbuka mzee, au aliikumbuka sauti yake. Akamkaribisha.

Fundi hakujua aanze vipi. Aliuliza habari za bahari, habari za nahodha, habari za upepo. Mwisho akauliza ile boti iliyofungwa ng'ambo inaitwaje. Kasa hakuinua kichwa, akalitaja jina la boti hiyo. Fundi akamwambia kwa upole kwamba wamelipaka rangi jina hilo, sasa lipo jingine, na herufi zake ni kubwa kuliko mtu.

Kasa aliacha kusuuza.

Fundi alisema baadaye kwamba dakika ile alijuta. Mwanamke yule aliyekuwa na mabega kama mlango alinywea pale kwenye kreti, mikono ikining'inia majini. Kisha akaeleza, bila kulia, macho yake yakiwa kwenye beseni. Shuleni hakuwahi kuuona ubao; walimu walimwita mzembe, naye akawaamini, akaacha darasa la sita. Baharini alikuwa na raha kwa kuwa baharini hukitazami kitu kwa mbali, unakifuata. Alijifunza kushuka chini na kukaa na pumzi moja muda mrefu kuliko wanaume wote wa gati lile, kwa sababu asiposhuka haoni. Kila jiwe alilijua kwa kulikaribia mpaka kuligusa kwa pua. Miaka tisa aliongoza watu hivyo. Alikuwa ameona mara moja bango la kutafuta waongozaji, mwenzake akamsomea: macho mazima ni sharti. Daktari wa kampuni alimpima siku ya kwanza kwa ubao wa herufi, na yeye alikuwa ameukariri kwa kusikiliza waliomtangulia.

"Sijapoteza mtu hata mmoja, Mzee," akasema. "Nawagusa wote."

"Nilikuona. Ndiyo maana nimekuja kwako, sijaenda ofisini." Fundi alikuwa amevua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na uchafu. "Lakini nikuambie ukweli, mwanangu. Siku mtu atakapozidiwa mbali na wewe, hutamgusa kwa wakati. Siwezi kulijua hilo nikanyamaza. Ninachoweza ni kukupa macho kwanza, halafu ukawaambie mwenyewe."

Kasa aliyatoa mabomba kwenye beseni, moja moja, akayaanika. Kisha akafuta mikono yake kwenye kaptula, akaivaa ile fremu ya chuma.

Walipimia palepale. Ubao wa herufi haukuhitajika. Ng'ambo lilikuwapo jina la boti. Fundi alitia lenzi, akatoa, akatia nyingine, akiuliza hii au ile, hii au ile, kwa sauti ileile anayoitumia dukani. Ilikuwa tano na robo upande mmoja, tano na nusu upande wa pili. Kioo cha mwisho kilipoingia, Kasa alilisoma jina lile jipya polepole, silabi kwa silabi, kama mtu wa darasa la sita. Halafu akaligeuzia uso gati lenyewe, na watu waliokuwa wakija kwa mbali, na akamtaja mmoja kabla hajafika.

Wiki moja baadaye fundi alimletea miwani ya kawaida yenye mkanda wa kufunga kisogoni, na miwani ya kuzamia yenye namba zake. Safari hii alikuja na mkewe. Nahodha aliwachukua kabla ya abiria, wao watatu tu, Kasa akiwa amemwambia kwamba mzee anataka kujaribu kifaa.

Fundi aliingia kwanza. Alijiambia asitarajie mengi. Akainamisha uso, na palikuwapo jiwe la mviringo, mikunjo yake imechorwa kama kwa kalamu, na juu yake vitatange wawili wa njano wenye mstari mweusi uliopita jichoni, wakageuka pamoja kama wanandoa waliosikia mlango. Aliwaona magamba. Alielea hapo bila kusogea mpaka mkewe akamvuta mkono, akidhani amepatwa na jambo. Kumbe alikuwa akiwalinganisha na alivyosimuliwa, na hakukuta kosa.

Kasa alishuka kama kawaida yake, kichwa chini, moja kwa moja hadi kwenye meza ya mkunga. Lakini hakukaa. Alisimama katikati ya maji, akainua uso na kutazama mbele, upande ambao mwamba ulishuka kuelekea kwenye buluu nzito. Alibaki hivyo mpaka mkewe fundi akaanza kuhesabu kimoyomoyo. Alipopanda juu alitoa bomba mdomoni na kushika ngazi kwa mikono miwili.

"Unaendelea," akasema. "Mwamba. Mimi nilidhani unaishia pale kwenye meza. Kuna mwingine nyuma, na mwingine. Kuna kasa watatu wamelala kule, Mzee, wamelala tu, na mimi kila siku nawaambia watu wakibahatika watamwona mmoja."

Fundi, kwa mara ya kwanza, alikosa la kusahihisha.

Siku ileile mchana, kabla fundi hajamuuliza, Kasa alimweleza nahodha yote. Nahodha alisikiliza hadi mwisho, akavua kofia yake na kuivaa tena. Alisema amekuwa akijua kuna kitu, maana hakuna mtu anayeulizwa kuhusu magogo mara nyingi namna ile. Kisha alimkaripia, si kidogo, na halikuwa karipio la uongo, kwa kuwa roho za watu zilikuwa mikononi mwake. Ofisi ilimwondoa majini majuma matatu. Aliuza tiketi, akafua mataulo, akaenda kupimwa upya na daktari mwingine, kwa ubao ambao hakuukariri, akiwa amevaa miwani yake. Akapita. Aliporudi, nahodha mwenyewe ndiye aliyemkabidhi filimbi.

Kutoka hapo lilikuja jambo ambalo fundi hakulipanga. Mwezi mmoja baadaye Kasa alitokea dukani na kikapu cha miwani ya kuzamia minane. Abiria wengi, alisema, huvua miwani yao na kunyamaza kama alivyonyamaza yeye mzee, na sasa anawajua kwa kuwatazama tu: hurudi botini wakisifu maji. Fundi alitengeneza ya namba mbili, tatu, nne, hadi nane, akaandika kila namba kwenye mkanda kwa rangi ya kucha ya mkewe. Kampuni ilitaka kubandika jina lake kwenye boti. Akakataa, akasema jina libandikwe siku lenzi zikidumu mwaka bila kubanduka. Mwaka ulipita, hazikubanduka, na alipokumbushwa akasema wangoje wa pili.

Mkewe ndiye aliyeyaeleza haya kwa majirani, maana mwenyewe huwezi kumtoa neno. Huyasimulia namna alivyowasimulia watoto wake wa chekechea, kwa utaratibu, bila kuruka kitu, hata la kinyozi na pipa. Akifika kwenye habari ya Kasa husema kwamba watu humsifu mumewe kwa gundi na namba, lakini gundi ni gundi. Yeye anamsifu kwa ile saa aliyosimama gatini na kumwambia mtu ukweli wake bila kumvua nguo.

Na Kasa? Wiki iliyopita alikuja dukani siku ya mapumziko yake, amemshika mkono binti yake wa miaka saba. Mtoto aliingia, akasimama mbele ya ukuta wa fremu, akainua kidevu na kufinya macho. Fundi aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Mbili na nusu," akamwambia mama yake, na akavuta kiti.